Jinsi ya kujua hewa iliyo juu yako imetoka wapi, na kuiona fronti kabla haijafika

Kabla hujafungua app ya hali ya hewa, jiulize kwanza swali moja: hii hewa ninayovuta sa hizi, juzi ilikuwa wapi? Mi naamini kabisa ukizoea kuuliza hilo swali kila siku utaielewa hali ya hewa kuliko mtu anayesoma utabiri miaka kumi bila kuuliza. Wengi tumekua tukidhani mvua inatengenezwa pale pale juu ya paa. Zipo mvua za hivyo, nitazigusa mbele, ila sehemu kubwa ya dunia mvua, ukungu, baridi ya ghafla na lile joto la kunata vinakuja kama mgeni, na mgeni huyo ana kwao, ana mzigo, na ana tabia alizotoka nazo huko huko. Mpaka kati ya mgeni huyo na hewa anayoikuta ndo unaitwa fronti.

Vifaa sio vingi. Macho, kidaftari, kipimajoto, dira ya kujua upepo unatoka upande gani, na barometa, kifaa cha kupimia mgandamizo wa hewa, kama unayo (baadhi ya simu zina barometa ndani, unapakua tu programu ya kuisoma). Kopo la bati linalong'aa na barafu kidogo pia utavihitaji, nitaeleza kwa nini.

Bonge la hewa ni nini

Hewa ikikaa siku kadhaa juu ya eneo kubwa lenye sura moja, bila upepo wa maana wa kuiondoa, inaanza kufanana na eneo lenyewe. Ndo hivyo tu. Wataalamu wanaita tungamo la hewa, mi humu nitaita bonge la hewa kwa sababu ndivyo lilivyo, bonge lenye upana wa kilomita elfu na zaidi, na ukitembea ndani yake upande hadi upande, joto na unyevu vinabadilika polepole sana.

Chukua Siberia wakati wa majira ya baridi. Theluji imetanda kila mahali, usiku mrefu, jua likitoka ni masaa machache na lenyewe liko chini, hewa inakaa pale inapoteza joto siku baada ya siku, inakuwa nzito na kavu, na kwa sababu ni nzito mgandamizo wake unapanda hadi kupita hektopaskali 1040 wakati wastani wa usawa wa bahari ni 1013 hivi. Sasa nenda Sahara wakati wa kiangazi, huko hewa inachemshwa na mchanga na haina pa kupata maji, inakuwa ya moto na kavu. Ghuba ya Mexico maji ni ya vuguvugu, hewa inayokaa juu yake inabeba mvuke mpaka inakunata mwilini. Na kaskazini ya Atlantiki ni baridi ya kiasi ila ina unyevu. Hapo umeshapata aina kubwa nne, na kwenye ramani za wataalamu utakuta zimeandikwa kwa herufi mbili: herufi ndogo c ni hewa iliyotoka bara, m ni iliyotoka bahari, afu herufi kubwa P ni ya upande wa ncha za dunia na T ni ya tropiki. Kwa hiyo cP ni baridi kavu, mT ni joto lenye unyevu. Kuna pia A ya Aktiki, ambayo ni baridi zaidi ya P, na E ya ikweta.

Lakini mgeni anabadilika njiani, na hapa ndo wengi wanakosea, wanadhani hewa ya baridi itafika ikiwa vile vile ilivyoondoka. Hewa baridi ikipita juu ya maji yenye joto kuliko yenyewe inachemshwa kutoka chini kama sufuria, chini inakuwa nyepesi, inapanda, inatengeneza mawingu ya marundo na manyunyu ya hapa na pale. Ndo maana upande wa pili wa yale maziwa makubwa yaliyo mpakani mwa Marekani na Kanada wanapata theluji nyingi ajabu wakati upande inakotokea hewa hawapati kiasi hicho. Kinyume chake, hewa ya joto ikipita juu ya maji baridi inapozwa kutoka chini, ile ya chini inakuwa nzito na inakaa pale pale imetulia, haipandi popote, unyevu unageuka ukungu. Baharini karibu na Newfoundland, kisiwa cha Kanada, ni maarufu kwa ukungu kwa sababu hiyo hiyo, hewa ya kutoka upande wa mkondo wa joto wa Ghuba inapita juu ya maji baridi ya mkondo wa Labrador.

Kwa hiyo ukiuliza hewa imetoka wapi, uliza na imepitia wapi.

Acha kuangalia joto peke yake, angalia kiwango cha umande

Kama kuna kitu kimoja nataka ubaki nacho kwenye mwongozo huu wote ni hiki. Joto linapanda mchana linashuka usiku hata kama hewa ni ile ile, kwa hiyo joto peke yake haliwezi kukuambia kama bonge limebadilika. Ile asilimia ya unyevu nayo inachanganya zaidi. Asubuhi nyuzi 12 za Selsiasi na unyevu asilimia 90, mchana nyuzi 25 na unyevu asilimia 40, mtu anasema hewa imekauka, kumbe mvuke ni ule ule kabisa, kilichobadilika ni joto tu.

Kisichodanganya ni kiwango cha umande, yaani lile joto ambalo hewa ikipozwa mpaka hapo inaanza kuachia maji. Kwenye mfano wangu hapo juu kiwango cha umande asubuhi na mchana ni nyuzi 10 hivi, hakijasogea. Bonge ni lile lile. Siku ukiona kimetoka 19 kimeenda 8 ndani ya masaa machache, hata kama jua linawaka vile vile, jua kwamba hewa uliyokuwa nayo imeondoka na umepewa nyingine.

App nyingi zinakionyesha ukitafuta vizuri, ila nakushauri ukipime mwenyewe angalau mara chache maana ukikiona kwa macho hutakisahau. Chukua lile kopo linalong'aa, weka maji ya kawaida hadi nusu, tumbukiza kipimajoto, afu ongeza vipande vya barafu kidogo kidogo huku unakoroga. Usilipulizie pumzi, kaa mbali kidogo. Angalia nje ya kopo. Kuna wakati ule mng'ao unafifia, kopo linakuwa kama limepumuliwa, soma joto la maji hapo hapo: hicho ndo kiwango cha umande cha hewa ya chumba chako. Rudia mara mbili tatu upate wastani. Ukiweka barafu nyingi na kopo bado linang'aa tu, basi hewa yako ni kavu sana na hilo lenyewe ni jibu.

Kwa kukadiria: chini ya nyuzi 10 utahisi hewa kavu, 10 mpaka 15 ni raha, kuanzia 18 unaanza kunata, 24 na kuendelea hata kukaa tu kimya unatoka jasho na halikauki. Na namba hizi zina uzito kwenye mvua pia. Hewa iliyojaa mvuke kwa nyuzi 10 ina gramu 9 hivi za maji kwenye kila mita ya ujazo, kwa nyuzi 20 ni gramu 17, kwa nyuzi 30 ni gramu 30. Yaani karibu inaongezeka mara mbili kila nyuzi kumi, ndo maana mvua za hewa ya tropiki zinamwagika namna ile.

Mabonge mawili yakikutana

Hapa fanya jaribio kabla ya kusoma zaidi, ni la dakika kumi. Tafuta chombo cha mstatili kinachoonyesha ndani, kama kile cha kufugia samaki wadogo. Kata plastiki ngumu ikae katikati kama ukuta, ibane vizuri. Upande mmoja mimina maji ya barafu uliyotia rangi ya bluu, upande mwingine maji ya moto kiasi cha kuoga uliyotia rangi nyekundu, mimina yote pamoja ili kimo kiwe sawa, yakivuja kidogo sio shida. Yakitulia, vuta ukuta juu kwa mkupuo mmoja.

Utaona bluu inajipenyeza chini kama kabari na nyekundu inapanda juu yake, na kwa muda hayachanganyiki, mpaka kati yao unaonekana wazi, tena umelala kwa mteremko. Ule mpaka ndo fronti. Hewa inafanya hivyo hivyo kwa sababu mita moja ya ujazo ya hewa kwenye usawa wa bahari ina kilo 1.29 kwa nyuzi 0, lakini kwa nyuzi 30 ina kilo 1.16, tofauti ya gramu 130 hivi kwa kila mita, sasa zidisha kwa bonge lenye kilomita elfu uone ni nguvu kiasi gani.

Neno lenyewe fronti limetokana na vita. Mwaka 1917 mtaalamu wa hali ya hewa Vilhelm Bjerknes alihamia Bergen, Norway, vita kuu ya kwanza ikiendelea, na taarifa za hali ya hewa kutoka nchi jirani zilikuwa zimekatika, kwa hiyo yeye na vijana wake wakaongeza vituo vingi vya kupimia nchini kwao. Mwaka 1919 mwanae Jacob, kijana wa miaka 21, akaandika makala ya kurasa chache kuonyesha kwamba tufani za nchi za baridi, ile mizunguko mikubwa ya upepo na mvua, zina mipaka mikali ya hewa ndani yake. Wakaona mabonge yanapambana kwenye mstari kama majeshi, wakaazima neno. Nawaheshimu sana hawa watu, hawakuwa na setilaiti, walikuwa na vipimo vya ardhini, mawingu na penseli.

Sasa kwa nini mvua inatokea pale mpakani? Kwa sababu hewa ya joto inalazimishwa kupanda, na hewa ikipanda inatanuka na kupoa, takriban nyuzi 10 kwa kila kilomita. Ikipoa hadi kiwango chake cha umande mvuke unageuka matone, wingu. Kuanzia hapo inapoa taratibu zaidi, nyuzi 6 hivi kwa kilomita, maana mvuke ukigeuka maji unaachia joto, na hilo joto linaipa hewa nguvu ya kuendelea kupanda. Kumbe mvuke ni mafuta ya injini.

Fronti ya joto: inakuja na taarifa mapema

Hewa ya joto ikiifukuza hewa baridi haiwezi kuisukuma vizuri, inaipanda mgongoni. Mteremko wake ni mlalo mno, kitu kama 1 kwa 200, maana yake ukitembea kilomita 200 mbele ya fronti, hewa ya joto iko kilomita 1 tu juu yako. Fanya hesabu: mawingu ya juu kabisa, kilomita 6 hivi kwenda juu, yanaweza kukutangulia kwa kilomita 1000 na zaidi. Kama fronti inatembea kilomita 30 kwa saa una siku nzima na nusu ya kujiandaa, bure, kwa kuangalia juu tu.

Mpangilio unakuwa hivi. Kwanza sirasi, yale mawingu membamba kama nyuzi za pamba au mkia wa farasi, ni barafu tupu. Ndege zikipita moshi wao mweupe unabaki angani na kutanuka badala ya kufutika, dalili kwamba juu kuna unyevu. Masaa yanapita, nyuzi zinaungana kuwa shela jembamba jeupe, sirostratasi, na jua au mwezi unavaa duara la mwanga. Duara hilo liko nyuzi 22 za pembe kutoka kwenye jua, ukinyoosha mkono na kutanua vidole, ni umbali wa kutoka gumba mpaka kidole cha mwisho takriban (ficha jua nyuma ya nguzo au jengo, usilitazame moja kwa moja). Baadaye shela linanenepa, jua linaonekana kama liko nyuma ya kioo cha bafuni, vivuli vinapotea ardhini. Hiyo ni altostratasi na ukifika hapo mvua mara nyingi iko masaa machache tu mbele. Mwisho nimbostratasi, kijivu kila upande, mvua ya taratibu isiyo na haraka, inaweza kunyesha masaa mengi bila ngurumo hata moja.

Huku mgandamizo unashuka polepole muda wote. Fronti ikishapita mvua inakatika au inabaki manyunyu, joto linapanda, kiwango cha umande kinapanda, barometa inaacha kushuka kwa kasi ile, na upepo unageuka: kwenye kizio cha kaskazini (nusu ya dunia iliyo kaskazini ya ikweta) unatoka kusini-mashariki unakuwa wa kusini-magharibi, kwenye kizio cha kusini ni wa kaskazini-mashariki unakuwa wa kaskazini-magharibi.

Sirasi peke yake haitoshi lakini. Sirasi ikiwa imetawanyika na haizidi, siku itabaki nzuri. Unachotafuta ni mfuatano, kila masaa matatu wingu limeshuka na limenenepa.

Fronti baridi: haina muda wa kukuambia

Hewa baridi ikifukuza ya joto inaingia chini kama ile bluu kwenye chombo. Mteremko ni mkali zaidi, 1 kwa 50 mpaka 1 kwa 100, na karibu na ardhi pua yake inasimama zaidi kwa sababu msuguano unaishika miguu wakati juu inaendelea. Hewa ya joto inarushwa juu kwa nguvu, kwa hiyo badala ya shuka la kijivu unapata minara ya mawingu inayoitwa kumulonimbasi, radi, upepo wa ghafla, wakati mwingine mvua ya mawe. Inatembea haraka kuliko fronti ya joto, ukanda wa mvua ni mwembamba, mara nyingi ndani ya saa moja mbili mambo yameisha.

Dalili zake: siku ya joto lenye kunata kuliko jana, upepo unaongezeka, barometa inashuka, afu kwenye upeo wa macho unaona ukuta mweusi, mara nyingi kwenye nchi za hali ya hewa ya wastani unatokea magharibi. Inapofika, upepo unageuka ndani ya dakika chache, kwenye kizio cha kaskazini kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-magharibi, kizio cha kusini kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-magharibi. Joto linaanguka, barometa iliyokuwa inashuka inaruka juu, na kiwango cha umande kinaporomoka. Hivyo vinne vikitokea pamoja huna haja ya kuuliza mtu. Baada yake anga linasafishika mpaka milima ya mbali inaonekana karibu, na mchana vinatokea vile viwingu vidogo vyeupe vya marundo.

Kuna mfano ambao huwa nausoma tena na tena. Tarehe 11 Novemba 1911 fronti baridi ilipita katikati ya Marekani, Oklahoma City mchana walikuwa na nyuzi 28, kabla siku haijaisha wakawa na nyuzi 8 chini ya sifuri. Siku moja ikaweka rekodi ya joto na rekodi ya baridi za tarehe hiyo. Na Spearfish, South Dakota, tarehe 22 Januari 1943 asubuhi joto lilitoka nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 7 juu ya sifuri kwa dakika 2 tu, baadaye likarudi chini kule kule ndani ya nusu saa, kwa sababu mji ulikuwa mpakani kabisa mwa hewa ya Aktiki na upepo wa joto unaoshuka milimani, mpaka ukawa unayumba kama maji kwenye beseni. Hakuna jua wala usiku unaoweza kufanya hivyo, ni hewa tu iliyobadilishwa.

Usidhani lakini kila fronti baridi ina mvua. Kama bonge la joto lililo mbele ni kavu, fronti inapita na upepo na vumbi basi, na wapo wanaosema utabiri umekosea wakati fronti imepita vizuri kabisa na namba zote zimebadilika.

Na radi ndo jambo la kuchukulia kwa uzito. Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka ngurumo, gawa kwa tatu, hizo ni kilomita. Ila ukishaisikia ngurumo tayari uko ndani ya umbali wa kupigwa, ingia ndani ya jengo au gari lililofungwa, usisubiri hesabu ipungue. Chini ya mti sio mahali pa kujikinga.

Zipo mbili nyingine nazitaja haraka. Fronti iliyosimama ni pale mabonge mawili yanasukumana hakuna anayeshinda, mawingu na mvua vinaweza kukaa sehemu moja siku kadhaa, na mafuriko yanaweza kutokea hapo hata kama mvua yenyewe sio kali. Fronti iliyofungana ni pale fronti baridi imeikuta ile ya joto iliyo mbele yake na hewa ya joto imenyanyuliwa yote juu, ardhini huioni tena, na kwa kawaida tufani yenyewe inakuwa imefika utu uzima wake, inaelekea kuzeeka.

Kusoma ramani

Mstari wa bluu wenye pembetatu ni fronti baridi, mwekundu wenye nusu duara ni ya joto, zambarau wenye vyote upande mmoja ni iliyofungana, na ule wa bluu na nyekundu kwa kupokezana, alama zikiangalia pande tofauti, ni iliyosimama. Pembetatu na nusu duara zinaelekeza inakokwenda. Ile mistari mingine ya duara duara inaunganisha sehemu zenye mgandamizo sawa, ikibanana kuna upepo mkali.

Bila ramani pia unaweza kujua mgandamizo mdogo uko wapi. Simama ukiupa upepo mgongo: kizio cha kaskazini uko kushotoni kwako, kizio cha kusini uko kulia. Kanuni hii Mholanzi Buys Ballot aliitangaza mwaka 1857 na bado inafanya kazi, ila karibu na ikweta usiitegemee, na wala usipime kwenye uchochoro kati ya majengo maana upepo wa pale unafuata kuta.

Kama uko tropiki

Ukikaa karibu na ikweta utasubiri sana fronti za pembetatu, kwa kawaida hazifiki, au zinafika zimechoka, hewa yake baridi imeshapashwa njiani. Huko tofauti ya joto kati ya bonge na bonge ni ndogo. Kinachofanya kazi ni pale pepo za biashara, zile zinazovuma kuelekea ikweta, za kaskazini na za kusini zinapokutana, ule ukanda wa mvua unaozunguka dunia na kuhama kaskazini na kusini ukilifuata jua. Zikikutana hewa haina pa kwenda ila juu, na mvua zake ni za minara mingi mingi sio za mstari mmoja. Na zile mvua za mchana nilizosema zinatengenezwa juu ya paa, jua linachemsha ardhi, hewa yenye unyevu inapanda, jioni inamwagika.

Lakini swali linabaki lile lile. Upepo ukitoka baharini umebeba mvuke, ukitoka bara haujabeba kitu, na kiwango cha umande kitakuambia. Tena kama uko kilomita chache kutoka pwani yoyote duniani una fronti ndogo ya kufanyia mazoezi: siku ya jua kali lisilo na upepo mkubwa, kaa na kipimajoto kuanzia asubuhi. Nchi kavu inapata joto haraka kuliko maji, na kwenye saa tano saa sita hivi utaona upepo umegeuka ghafla unatoka baharini, joto limeshuka nyuzi kadhaa, kiwango cha umande kimepanda, na bara kidogo kuna mstari wa viwingu vimejipanga. Ni fronti kamili, udogo tu.

Kutabiri mwenyewe

Pima mara tatu kwa siku masaa yale yale: joto, kiwango cha umande, mgandamizo, upepo unatoka wapi, mawingu gani. Barometa isome sehemu moja tu, ukipanda nayo ghorofani mita 8 inashuka hektopaskali 1 na utadhani kuna jambo. Mgandamizo pia una kawaida yake ya kila siku, unafika juu kwenye saa nne asubuhi na saa nne usiku, na chini kwenye saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na tropiki jambo hili linaonekana wazi kabisa, kwa hiyo linganisha na saa ile ile ya jana, usilinganishe na asubuhi. Nje ya tropiki, ukiona umeshuka hektopaskali 3 au 4 ndani ya masaa 3, kuna kitu kinakuja kwa kasi.

Jioni andika mistari miwili: hewa ya leo imetoka wapi, na kesho itatoka wapi. Mfano, "kiwango cha umande 17 na kinapanda, upepo kusini-magharibi, barometa inashuka, sirasi hamna, marundo yanakua magharibi, nategemea fronti baridi kabla ya saa sita mchana." Weka saa kabisa, hata kama una wasiwasi. Kesho yake, ikishapita, tafuta kwenye daftari ile dakika upepo uligeuka na kiwango cha umande kikaanguka, andika pembeni kwa wino mwingine, afu ndo ufungue ramani ya siku ile uone mstari wao wameuchora wapi na wako uliutegemea wapi.